Kifuko cha Milimita Thelathini na Moja

Jumatatu, saa nne asubuhi, mtaalamu wa maabara alifungua kichupa cha maji yaliyovutwa kwa sindano kutoka kwenye kifuko kilichoota ndani ya kongosho la fundi viatu, na maji yakamsalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu jieleze haraka, foleni ni ndefu."

Maji yakajieleza. Yalikuwa na sukari tele, hayakuwa na ute hata chembe, wala hayakuwa na nia ya kuwa saratani, leo wala baadaye. Mtaalamu akachovya vidole vya glavu, akavitenganisha. Maji hayakuvutika, yalidondoka tu kwa heshima zao.

Kichupa cha pili kilikuwa cha mwalimu mstaafu wa hesabu. Ute wake ulivutika kutoka mezani hadi mlangoni bila kukatika.

"Mimi ndiye wa kuogopwa," ukasema kwa sauti nzito. "Sifichi."

Mtaalamu akatafuta mahali pa kuyaandika hayo. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu: UKUBWA. Kuanzia milimita thelathini mgonjwa hupasuliwa, chini ya hapo hurudi nyumbani. Mwalimu alikuwa na ishirini na mbili. Fundi alikuwa na thelathini na moja.

"Baba watoto, ukatwe nusu ya kongosho kwa ajili ya milimita moja?" mkewe akauliza.

Jumatano fundi akaieleza kamati ya hospitali kwamba katika miaka thelathini hajawahi kuijua ngozi iliyooza kwa kuipima kwa rula, huinusa. Kichupa cha maji yake nacho kilipewa kiti, kikarudia maelezo bila kubabaika. Mwenyekiti alikishukuru sana.

"Tumekusikia na tumekuelewa," alisema. "Ila hayo hayana kisanduku. Ijumaa fundi apimwe mara ya mwisho."

Alhamisi, kabla ya sala ya jioni, mke wa fundi aliinamia tumbo la mumewe.

"Na wewe huko ndani, tumekulea vizuri. Kesho ujibane."

"Huo si uongo?" kifuko kikauliza.

"Uongo ni kusema. Wewe hutasema kitu."

Kifuko kikafikiri. "Basi tuombe kwanza," kikasema, na kikaitikia Amina kabla ya watu wote.

Ijumaa, chini ya mashine ya picha, kilijibana: milimita ishirini na tisa. Daktari akampongeza fundi na kugonga muhuri. Walipofika kwenye korido kifuko kikajiachia kwa mkupuo, kifungo cha shati kikaruka hadi dirisha la dawa. Mfamasia akakirudisha ndani ya bahasha, ameandika juu yake: mara moja kwa siku, baada ya kula.

Nje, kwenye benchi, mwalimu alikuwa akiisoma barua yake ya kurudi nyumbani, yenye muhuri. Fundi akaketi karibu naye.

"Mwalimu, usiende nyumbani. Mtaalamu wa maabara ameniambia. Maji yako yamekiri yenyewe."

"Fundi, nimefundisha hesabu miaka arobaini. Ishirini na mbili ni ndogo kuliko thelathini. Unataka nibishane na namba?"

"Anachosema fundi ni kweli," ikasema sauti nzito kutoka chini ya shati la mwalimu.

"Wewe nyamaza, watu wazima wanazungumza."

Fundi akarudi ndani hadi dirisha la mapokezi, akawaeleza wahudumu. Wakamwonyesha fomu ya mwalimu, na kile kisanduku kimoja, kimejazwa vizuri kwa wino wa buluu.

Alipotoka, mwalimu alikuwa amevua viatu na kubaki na soksi.

"Niwekee soli za kudumu miaka kumi," alisema kwa furaha.

Fundi akamwombea kimoyomoyo, sala ndefu kuliko ile aliyojiombea mwenyewe, kisha akavibeba viatu hadi kibandani kwake. Akachagua soli nene kuliko zote alizokuwa nazo. Kabla ya kutunga uzi akavinusa, kama ilivyo kawaida yake.

Ngozi ilikuwa nzima kabisa.