Dobi Aliyeonja Moshi

Siku Mjomba alipotangaza kwamba magoti yamemshinda na duka la tumbaku analiacha, waliokuwa kwenye benchi walivitoa viko vyao midomoni. Duka lenyewe si kubwa: kaunta moja, makopo kumi na tisa ukutani, na benchi mbili zinazotazamana, mahali ambapo habari za mtaa hufika kabla hazijamaliza kutokea. Nani kaposwa, nani karudishwa kwao, nani kanunua kochi lisilopita mlangoni. Yote yalisemwa pale, kiko cha tumbaku kikiwa mdomoni.

"Anayetaka funguo," Mjomba alisema, "Jumamosi asubuhi avute kiko kimoja mbele yetu, mpaka mwisho, kisha anieleze alichoonja. Akibabaisha, chumba anachukua mwanangu. Na asije mtu kuniomba nimfundishe, wala nyinyi wa benchi msimfundishe."

Mwanawe alishafika na futi ya kupimia, anapima ukuta. Mtaa ulimwita Chaja, kwa ile meza yake ya chaja na makava ya simu ng'ambo ya barabara.

"Hapa rafu nne zinakaa bila matata," alisema. "Na hizi benchi zitoke. Watu wanakalia tu, hawanunui kitu."

"Nitavuta mimi."

Wote waligeuka. Mlangoni alisimama dobi wa chumba cha jirani, mpwa wa Mjomba, mashati ya watu yakiwa yamemlalia mkononi.

Chaja alicheka hadi futi ikamponyoka. "Dada, wewe hata sigara hujawahi kuishika!"

"Leo Jumatatu. Nina siku tano."

Hakuwa na mzaha. Mumewe alipofariki, alijifungia ndani wiki nzima, na waliomtoa ni watu wa zile benchi. Walimgongea ukuta wakamwambia aje asikie ya mpangaji wa juu na mkwewe. Alikuja kwa hasira, akaondoka akicheka. Tangu siku hiyo hapakupita jioni asikae nao hata dakika kumi. Benchi zikitoka, yeye angebaki na pasi yake na ukuta.

Basi akachukua kiko cha zamani na pakiti ya tumbaku ya kopo la kwanza, lile la dirishani, akaenda kujaribu.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa la kidobi kabisa. Aliitazama tumbaku, akaiona kavukavu, akachovya vidole kwenye bakuli la maji akainyunyizia, kama anavyonyunyizia shati kabla ya pasi. Akashindilia, akawasha. Njiti ya kwanza ikafa. Ya pili ikafa. Ya tano ilipokubali, kilichomwingia mdomoni ni mvuke wa moto, wala si ladha, ukamchoma ulimi mpaka chai ya jioni akainywa kwa kijiko.

Jumanne aliacha maji, akaleta kosa jingine. Kwa kuwa pasi yake ilikuwa ya mkaa, mikono na mapafu yake yalijua jambo moja tu kuhusu moto: ukififia, uchochee. Akavuta kwa haraka, fu fu fu, kiko kikapata joto asiweze kukishika bila kitambaa. Kinyozi wa mlango wa tatu, mvutaji wa miaka mingi, alichungulia dirishani.

"Bi Dobi, unavuta kiko au unakimbiza treni?"

"Nisaidie basi, badala ya kunicheka."

"Mzee kakataza. Ila nikuulize tu: asali unainywa kwa gudulia?"

Akaenda zake anajichekea. Dobi alibaki na ulimi uliobabuka na swali la gudulia. Angeweza kuacha. Alijikaza.

Jumatano asubuhi alitandaza tumbaku kidogo, bado ina unyevu wa maji ya Jumatatu, juu ya gazeti, kwenye kona ya meza ya pasi, akapitiwa na kazi. Alipoikumbuka, aliiokota kwa vidole, na vidole vyake vikaijua mara moja. Ilikuwa kama kitambaa kilichofikia pale hasa pasi inapokitaka: ukikigusisha shavuni hakiachi ubaridi, ukikifinya hakivunjiki. Kumbe yale maji aliyoinyunyizia ndiyo yaliyokuwa yanaigeuza ladha kuwa mvuke!

Akaijaza taratibu, chini kwa wepesi, juu kwa kukaza kidogo. Akawasha mara moja kuunguza uso wa tumbaku, akaugandamiza kwa kichwa cha msumari, akawasha tena. Safari hii alivuta kama mtu anayeonja uji wa moto ncha ya kijiko. Kiko kikazimika, hakukimbilia kibiriti; alikiacha kipoe, akapiga shati moja pasi, akarudi. Na alipouachia moshi kidogo utokee puani, alisimama palepale. Nyasi zilizoanikwa. Zabibu kavu. Nyuma kabisa, sukari iliyoungua chini ya sufuria.

"Ala!" akasema peke yake.

Alhamisi na Ijumaa alirudia, kiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, akikisafisha na kukipumzisha katikati.

Jumamosi benchi zilijaa, na waliokosa nafasi walisimama mlangoni. Mjomba alishusha kopo la saba, mchanganyiko wake mwenyewe, fahari ya duka. Dobi aliifinya tumbaku, ikabaki imeshikana kama donge. Akaomba gazeti, akaitandaza penye jua la dirishani, akakaa.

"Vipi tena?" Chaja aliuliza.

"Haijawa tayari."

"Nusu saa nzima tutazame majani? Baba, huyu anakwepa!"

"Aliyechoka mlango ule pale, mdogo wangu."

Mjomba ndevu zilimcheza.

Ilipokuwa tayari alijaza, akawasha, akavuta polepole. Kilizimika mara mbili, hakuona haya. Alipofika nusu, uso ukamkunjika. Akavuta tena, akautoa moshi puani, akafumba macho. Aliendelea hadi majivu.

"Haya," Mjomba alisema. "Umeonja nini?"

Alikiweka kiko juu ya kaunta. Kusifia kulikuwa rahisi, na funguo zilikuwa pale pale.

"Kuna zabibu. Kuna moshi wa kuni, mzuri. Na juu ya vyote, Mjomba, kuna sabuni."

Kicheko cha Chaja kilisikika hadi barabarani. "Miaka ishirini anafua! Hata chapati kwake ina sabuni! Baba, nilete rafu?"

Mjomba alikuwa amekasirika, mshipa umemsimama shingoni. "Mimi niuze sabuni? Kopo la saba?"

"Sabuni ya mche, ile ya buluu. Nisingeweza kuikosea. Jani ulilihifadhi wapi?"

"Katika sanduku la bati la marehemu mke wangu. Nimeliosha kwa maji ya moto mara tatu!"

"Marehemu alikuwa akiweka humo sabuni zake, Mjomba. Bati lile halitoki harufu."

Mzee akageukia benchi. "Nyinyi mnavuta hii kila siku. Semeni."

Watu wakaanza kutazama viatu. Dobi alimkazia macho kinyozi, hakumwachia, mpaka kinyozi akakohoa.

"Mzee wetu, ni kweli. Mwezi wa nne huu tunavuta sabuni. Tungekuambiaje wewe, uliyetufundisha wote?"

Mjomba alikaa chini taratibu.

"Tangu yale mafua," alisema, "sisikii harufu ya kitu. Hata kahawa. Nilisingizia magoti." Akamtazama mpwa wake. "Na wewe ungeweza kunyamaza kama hawa, ukachukua funguo kwa amani."

"Ningechukua duka linalokufa. Mteja mgeni angevuta mara moja tu, asirudi. Nyinyi nanyi mngeishia kuja kwa huruma."

Chaja alifungua mdomo. Baba yake alimwinulia kiganja.

"Mwanangu, wewe ulipima ukuta. Huyu kapima tumbaku."

Akazisukuma funguo hadi upande wa pili wa kaunta. "Yamebaki makopo kumi na nane. Sijui mangapi mengine nimeyaharibu."

Dobi alizichukua, akazunguka kaunta, akakunja mikono ya blauzi.

"Moja kwa siku," alisema. "Na kuanzia leo, anayeonja kibaya humu ndani anasema. Heshima ya kunyamaza sitaki."

Kinyozi akainua mkono polepole.

"Basi anza na la kumi na mbili, Bi Dobi. Hilo mimi huwa nalimwaga uani."

"Mnafiki wewe!" Mjomba alifoka. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na benchi zote mbili zikaangua kicheko pamoja naye.