Uvimbe wa Jasinto

Asubuhi Felismina aliingia wodini na kopo la uji wa muhogo, akamnywesha mwanawe Jasinto kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili taya lilikuwa limevimba. Alimvusha mto Ruvuma mgongoni wakikimbia vita. Sasa Jasinto alikuwa na miaka kumi na mitatu. Daktari Erasto alikuwa akijaribu dawa mpya kwa watoto wenye saratani ile adimu: wengine walipewa sindano peke yake, wengine sindano pamoja na vidonge. Bakari, wa kitanda cha jirani, alipewa vyote viwili, na wiki hiyo alikuwa anatafuna korosho.

Felismina aliomba vidonge. Alipiga magoti.

"Mama, nikimpa na huyu, tutajuaje kipi kinaponya?" daktari alimjibu, kwa upole kabisa.

Jasinto akafa. Felismina hakumlaumu Mungu. Alimchukia Erasto, na alisema hivyo mbele ya waombolezaji.

Msibani Magomeni alifika Elizabeti, Mngoni, mtani wa Wamakonde, kabila la Felismina, na mtani hakatazwi kitu msibani. Wengine huondoka na kuku au sufuria. Yeye alitaka uvimbe. Aliubandua kwenye taya la marehemu kama ukoko wa ugali, akaufunga pembeni mwa kanga yake, na Jasinto akazikwa na sura yake ya zamani. Watu wakaendelea kula.

Kesho yake Elizabeti aliutua mezani kwa daktari.

"Msiba hauutaki," alisema. "Ni wako."

Kabla ya adhuhuri uvimbe ulikuwa umehamia shavuni kwa daktari. Erasto alijipapasa, akafunga mlango, akafungua kabati, akajichoma sindano na kumeza vidonge. Hakuuliza kipi kinaponya. Mwezi haukuisha, shavu likanywea. Felismina, aliyekuwa akimwombea afe polepole, alimkuta sokoni anatafuna muwa.

Kwenye kitanda cha Jasinto alilazwa Sharifa, binti wa Kiyao kutoka Mtawanya. Mama yake aliomba vidonge.

"Huyu ni wa sindano tu," alisema daktari, mkono ukiwa shavuni.

Barazani, nje ya wodi, Felismina na Elizabeti walikuwa wameshakaa. Wayao nao ni watani wa Wangoni, na safari hii Elizabeti alikuja na kanga mbili: moja ya uvimbe, moja ya dawa za kabatini.