Midomo ya Emanikor

Tangu risasi ya wezi wa ng'ombe impite shingoni, Emanikor alibaki na uso tu. Mikono, miguu, sauti, vyote vilistaafu bila pensheni. Mkewe Akiru ndiye aliyemgeuza, akamlisha na kumwogesha, hadi mgongo wake mwenyewe ukapinda na kibanda chake cha makaa pale Kiwanjani kikafungwa.

Asubuhi moja Ekiru, ndugu wa Emanikor, alifika na pikapu ya kukodi, godoro limetandikwa nyuma. Alitaka kumpeleka ndugu yake kwake Garbatulla. Akiru akakataa katakata.

"Aulizwe mwenyewe!"

"Atajibu na nini, shemeji? Masikio?"

"Na hii," akasema Kang'ethe, fundi wa mradi wa watu wenye ulemavu, akifunga simu mbele ya kiti cha magurudumu cha Emanikor. Simu iliusoma uso kwa kamera na kuusemea. Nyusi juu, ndiyo. Macho kufumba, hapana. Midomo kuchongoka, maji.

Ekiru akainama. "Ndugu yangu, utakaa na nani?"

Emanikor akachongoa midomo, kule Akiru aliposimama.

"Maji," ikasema simu, kwa sauti tamu ya mwanamke wa Nairobi.

Ekiru akaangua kicheko. "Nauliza mtu, anataja kinywaji!"

"Amenionyesha mimi!" Akiru akamgeukia fundi. "Wewe Kang'ethe, nani alikwambia midomo ni maji? Huku tunaonyesha kwa midomo."

"Kwetu midomo ni ya kuongea tu, mama."

"Na umbea."

"Amekuonyesha wewe ama mlango?" Ekiru akachokoza. "Mlango uko nyuma yako."

Kang'ethe akaifundisha simu upya: midomo kushoto, Akiru; kulia, Ekiru. Walijaribu mpaka ikashika. Akiru akasimama kushoto, kifua mbele, kama mtu aliyeshinda kesi kabla hakimu hajaingia.

"Baba Nakolong, mume wangu, sema. Utakaa na nani?"

Emanikor aliutazama mkono ambao Akiru alijishikia kiuno. Midomo ikaenda kulia.

"Ekiru," ikasema simu.

"Imekosea," Kang'ethe akaharakisha. "Nirudie?"

"Usiiguse." Akiru alikuwa ameiona midomo kwa macho yake. Akapiga magoti. "Ni huu mgongo wangu?"

Nyusi zikapanda. "Ndiyo."

"Na nikikuomba ubaki?"

Macho yakafumba, yakakawia kufunguka. "Hapana," ikasema sauti ile ile tamu.

Ekiru, aliyepata alichokijia, akaanza kukagua magurudumu ya pikapu ambayo hayakuwa na shida yoyote. Kang'ethe akanong'ona kwamba kule bomani kwa Ekiru hakuna stima, simu itazimika.

Akiru akapanda kigoda, mgongo ukimlilia, akaanza kuing'oa sola iliyokuwa ikiwasha taa pekee ya nyumba yake.

"Shemeji, shuka, nikutolee."

"Shika tu." Akamwekea mikononi. "Na akikunyima usingizi kwa kuongea, usimzime. Mjibu."