Mzio: Hakuna

Alasiri hiyo mjini Kitale, Suad Alwi alibonyeza kitufe cha kuwasha programu yake, akaegemea kiti, akasubiri kufurahi. Furaha haikuja.

Alikuwa amewajengea wauguzi wa hospitali moja ya akina mama huko Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, tovuti iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java. Programu yao ya zamani ilikuwa kwenye kompyuta moja tu ya mapokezi; wao walitaka kusoma habari za mgonjwa kwenye simu, wakiwa pale pale kitandani. Kwa majuma mengi Suad aliijaribu kwa majina ya kubuni, yaliyoyeyuka kila alipoizima. Leo ndipo alipokuwa anaiunganisha na hifadhidata yenyewe ya hospitali, ili kinachoandikwa kidumu.

Maandishi yakateremka kwenye skrini. Majedwali yamefutwa. Majedwali yameundwa upya.

Wakati wa majaribio aliiagiza programu ifute kila kitu inapowaka, aanze upya bila takataka za jana. Lilikuwa neno moja tu kwenye faili la mipangilio. Hakulibadilisha.

"Aziz," aliita, na sauti haikuwa yake. "Nimefuta hospitali."

Aziz, mtoto wa mjomba wake na mshirika wake katika kazi, aliinua kichwa. "Umefuta nini?"

"Wagonjwa. Wote."

Aziz alikuja akainama juu ya bega lake, akayasoma maandishi. Kisha akasema, "Si uko na nakala ya jana? Rudisha polepole. Hakuna mtu atajua. Tulia bana."

Nakala ilikuwepo. Lakini walioandikishwa leo asubuhi hawakuwamo. Na wakiwa bado wanatazama, mstari ukajitokeza kwenye jedwali tupu: muuguzi fulani alikuwa amemtafuta mgonjwa, akamkosa, akamwandika upya mbiombio. Edinah Nafula. Upasuaji wa kujifungua. Mzio wa dawa: Hakuna.

Suad alilikodolea macho neno hilo la mwisho. Muuguzi hakuliandika. Mwenye haraka huacha nafasi wazi, na nafasi ikiachwa wazi, programu hujaza "Hakuna" yenyewe. Ni Suad aliyeiagiza hivyo, kwa sababu ukurasa ulipendeza zaidi.

Akapiga simu ya mapokezi. Iliita hadi ikakatika. Akampigia Sista Nekoye, mkuu wa zamu ya mchana. Hapatikani. Mama yule labda hakuwa na mzio wowote. Labda.

"Naizima," alisema.

Aziz alimshika mkono. "Ukizima watajua ni sisi. Watatufukuza, Suad!"

"Wakiiamini wataua mtu. Niachilie."

Akaizima. Kule Mabanga kila simu ya muuguzi ikabaki na ukurasa mweupe. Aziz alikuwa akisoma dua kimoyomoyo, midomo ikimcheza. Simu ilipolia, Suad nusura aiangushe.

"Ati nini hii tena?" Nekoye alifoka. "Mama yuko kwa meza ya upasuaji, na kitu yako imekufa!"

"Nimeizima mimi, sista. Nisikilize, tafadhali. Edinah Nafula, ile 'Hakuna' ya mzio ni uongo. Programu imejiandikia. Msimpe dawa yoyote kabla ya kumuuliza."

"Amezimia, atajibu nani?"

"Aliyemleta!"

Kishindo: simu ilikuwa imetupwa mezani. Suad alisikia viatu vikikimbia, mlango ukigonga ukuta, Nekoye akimwita mhudumu, "Nyongesa! Bwana ya Edinah ako wapi?" Kisha hakusikia chochote ila mtoto wa mtu akilia kwa mbali. Akawaza mwanamke asiyemjua, uso ukivimba, pumzi ikikata.

Viatu vikarudi, polepole.

"Dawa ilikuwa kwa sindano tayari," Nekoye alisema. Sasa hakuwa anafoka, na hilo lilitisha zaidi. "Bwana yake anasema alichomwa hiyo hiyo kwa kliniki ya Myanga, akavimba, karibu afe. Anaapa alimwambia muuguzi wa asubuhi, na akaandika."

"Iliandikwa, sista. Mimi ndiye niliyeifuta."

"Tumempatia ingine," Nekoye alisema. " Kesho utakuja hapa, umwambie daktari hivyo hivyo. Si kwa simu."

"Nitakuja."

Kabla ya jioni Suad alirudisha nakala ya jana, akaliondoa lile neno la kufuta, na mahali pa "Hakuna" akaweka "Hajaulizwa" kwa maandishi mekundu. Wauguzi waliwapitia wagonjwa wa asubuhi mmoja mmoja, wakiwauliza upya.

Kesho yake alisimama mbele ya daktari na kusema yote. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, akaamuru programu ya zamani irudi hadi mtu mwingine aikague kazi ya Suad. Suad hakujitetea.

Suad alipokuwa akitoka, Nekoye alimpitisha wodini bila kumwambia waendako. Edinah alikuwa ameketi, mtoto wa kike kifuani, akinywa uji. Alimtazama mgeni, akatabasamu kwa adabu.

"Na huyu ni nani, sista?"

Nekoye alimwachia Suad ajibu mwenyewe.