Sauti Aliyokuja Nayo

Kwetu kila mtu ana majina mawili. La kwanza ni la shule na kadi ya kliniki. Langu ni Kyrmen, na walimu wamelichakaza vya kutosha mpaka nimemaliza mtihani. La pili halina hata neno moja. Ni sauti tupu, wimbo, mama yako anakutungia ukiwa bado unanuka maziwa. Msituni ndiko unakoitwa kwa huo, maana ukitaja jina la mtu kule, wale wasioonekana wanalisikia na kumfuata mwenyewe. Na ukifa, unaondoka na wimbo wako. Hakuna anayeurudia.

Sasa dada yangu Daphimon alijifungulia mjini Shillong, akarudi nyumbani na dume la mashavu. Kila asubuhi barazani anamwimbia wimbo wake, na mtoto anageuka, anacheka. Mtamu wimbo wenyewe! Unapanda, unakaa juu kidogo, halafu unateremka taratibu.

"Dada, umeniua. Umeutoa wapi?"

"Umenijia tu," akasema, kidevu juu.

Siku hiyo mzee Kitbok, jirani yetu, anapita na mzigo wa majani ya fagio, kamba kwenye paji la uso. Daphimon akaimba. Mzee akasimama, mzigo ukamporomoka.

"Nani anamwita marehemu?"

"Marehemu gani, babu? Namwita mwanangu."

"Huo ni wa mjomba wako, aliyeanguka kutoka juu ya mpopoo. Nilikuwepo, binti. Aliitwa kwa huo siku nzima na hakuitika."

Tukamgeukia bibi. Alikuwa mlangoni anamenya popoo, na kisu kilikuwa kimesimama. Hapo nikakumbuka. Bibi akimenya popoo anavuma puani, chini chini. Tumekua na mvumo huo, hatujawahi kuuliza.

"Bibi, ni wewe."

"Ni mimi. Niliutunga mwenyewe, nitautupa wapi? Mdomoni niliuacha. Puani umegoma kutoka. Na wewe ukimwimbia asubuhi, nilikosa moyo wa kukukatiza."

"Basi si umwachie kitukuu wako?" Daphimon akasema. "Ameshauzoea."

"Haiwezekani, mama. Ukiita msituni watageuka wawili. Huyu wangu nataka apumzike, na huyu wako sitaki afuatwe."

Nani angebisha hapo? Na kesho kutwa tulikuwa tunateremka wote msituni kuvuna popoo. Mtoto asiye na wimbo habebwi kule. Angebaki, na mama yake abaki naye, kijiji kizima kijue kwamba Daphimon ameshindwa kumpa mwanawe jina.

Akaanza kutunga. Mimi, bila kujisifu, masikio yangu hayadanganywi.

"Huo ni mlio wa simu ya shemeji."

Akajaribu mwingine.

"Huo tangazo la sabuni."

Mwingine.

"Huo sasa ni mbuzi wa mzee Kitbok, tena akiwa mgonjwa."

Akanirushia ganda la popoo. "Tunga wewe basi, mjuaji!"

"Mimi nina titi? Anatunga mama."

Nilidhani atacheka. Machozi yakamtoka. "Sina kitu ndani, Kyrmen. Hata ule wa kwanza haukuwa wangu."

"Una kitu, ila unakitafuta vibaya. Unaimba kama mtu anayechagua shati dukani. Nyamaza kwanza, umsikilize mwenyewe."

Akanyamaza. Mtoto alikuwa na njaa, na yeye kabla ya kulia ana kawaida yake: anaguna mara mbili, guno la pili linapanda, kisha anashusha pumzi kama mzee aliyefika kileleni. Akafanya hivyo. Daphimon akainua uso. Akaliokota lile guno, akalivuta, akalipandisha, ile pumzi akaifanya mkia mrefu. Akarudia. Mara ya tatu sauti yake haikutetemeka tena.

Bibi alisogea, akatega sikio mpaka mwisho.

"Huo siujui," akasema.

Kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Siku ya kuvuna tukateremka, mtoto mgongoni kwa bibi. Daphimon alitangulia kuvuka kijito, ukungu ukammeza. Akaimba kutoka ng'ambo. Mtoto kimya, anatafuna nguo ya bibi. Mzee Kitbok akanitazama.

"Subiri," nikamwambia.

Daphimon akaimba tena, wote, na mkia wake. Kichwa kidogo kikageuka kuelekea kwenye ukungu, na mtoto akaguna mara mbili, la pili likapanda.

"Ameitika!" bibi akasema.

"Ameitika au ana njaa?" akauliza Kitbok.

"Vyote viwili, babu," nikamjibu. "Wewe ukiitwa kula huitiki?"

Tuliporudi nyumbani bibi alikaa mlangoni na popoo mpya na kisu chake. Baada ya muda akaanza kuvuma puani, ule wa mwanawe. Nikamtazama mtoto haraka. Alikuwa anajinyonya kidole cha mguu, wala hakugeuka.