Nani Alimwosha Mfaume?

Bi Tabu alikata roho alfajiri, na hadi saa nne asubuhi hapakuwa na mtu aliyetia mguu kwake. Si kwamba habari hazikufika. Pale Tandika hata kuku akifa mtaa unajua. Wanaume walikaa barazani wakicheza karata, tena kwa kelele za makusudi, na wanawake wakaendelea kufua. Walikuwa wamemsusia mwanawe, Nassibu, na kama maiti ni ya mama yake, basi shauri lake.

Nassibu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mwaka uliotangulia, wasio na kazi walipotakiwa waondoke mjini wakalime, yeye ndiye aliyepita nyumba hadi nyumba na daftari lake. Asiyempenda alimwandika. Fundi, mchuuzi, hata mgonjwa, wote wakawa wazururaji. Na watu walipofiwa hakuwa akienda kuzika. Kila mara alisema ana mkutano.

Mfaume, mume wa Mwanabaraka, alikuwa akisuka vitanda vya kamba. Kosa lake moja: alimwambia Nassibu mbele za watu kwamba sukari ya mgao inapungua ikipita kwake. Siku tatu baadaye akapakiwa kwenye lori. Miezi minne tu, homa ikamwua huko huko kijijini, na barua ikamfikia mkewe wakati yeye amekwisha zikwa.

Kwa hiyo asubuhi hiyo Mwanabaraka alikaa kizingitini kwake akichambua mchele, hana haraka. Yeye ndiye mwosha maiti wa wanawake pale mtaani, na aliyemfundisha kazi hiyo ni huyo huyo Bi Tabu. Waosha wengine wa karibu alikwisha wapelekea neno: wasije.

"Malipo ni hapa hapa duniani," aliwaambia majirani. "Akhera ni hesabu."

Nassibu akaja. Kwa mara ya kwanza hakuwa na daftari.

"Mwanabaraka, mama anaharibika. Jua linawaka."

"Ndugu Balozi, mie nina mkutano."

Majirani wakaangua kicheko. Mwanabaraka naye alicheka, na moyoni akaona raha ambayo hakuwa ameionja tangu Mfaume aondoke.

"Nifanye nini? Nikupigie magoti?"

"Magoti Mfaume alikupigia, pale kwenye lori. Ukamwambia apande." Akaweka ungo chini. "Niambie jambo moja. Nani alimwosha Mfaume?"

"Sijui."

"Hujui!"

"Si watu wa huko huko? Watu wa kijiji. Mie ningejuaje?"

Swali alilitoa limchome Nassibu, likamchoma mwenyewe. Barua aliijua kwa moyo. Iliandikwa kwamba wanaume wa pale walimwosha mumewe, wakampa sanda, wakamzika kama ndugu yao. Hata majina hawakuandika. Mfaume alikuwa hajawatendea lolote la kuwalipa, na yeye mkewe asingewaona maishani. Mwaka mzima alikuwa akingoja ubaya umrudie mwenye nao. Wema wa watu wale hakuwahi kuuliza unarudi wapi.

Ikamkera sana. Alitaka kuchukia tu, bila kufikiri.

"Kachimbe ufuo, shimo la kuingilia maji ya maiti, mwenyewe," akasema. "Maji kateke mwenyewe, ndoo kichwani. Atakayekusaidia tutagombana."

Nassibu akachimba. Akateka maji bombani, akapita mbele ya wacheza karata mara saba, shati limelowa, hakuna aliyempisha. "Balozi, lori leo haliji kukusaidia?" mmoja akauliza.

Ndani, Mwanabaraka alimgeuza Bi Tabu taratibu, kama alivyofundishwa na mikono hiyo hiyo iliyopoa. Akalia. "Nisamehe, mama," alimwambia. "Nilitaka ulale hapa unuke, ili yeye aumie." Wanawake wakaingia mmoja mmoja, wakashika shuka, wakamsaidia. Walipotoka na sanda imekwisha fungwa, wanaume nao wakatupa karata, wakaja na jeneza. Walimbeba Bi Tabu. Nassibu hawakumpa hata salamu.

Akamfuata Mwanabaraka uani, macho mekundu, akanyoosha mikono miwili amshike mkono.

"Mungu atakulipa. Kumbe umenisamehe."

Mwanabaraka akaficha mikono ndani ya khanga.

"Nimemwosha Bi Tabu. Wewe sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe. Tena hata ningetaka, siku yako mie siwezi kukufaa. Mwanamume huoshwa na wanaume." Akamwonyesha kwa kidevu wale waliokuwa wakitoka na jeneza bila kumngoja. "Haya, wakimbilie. Anza kuwabembeleza leo."