Nyumba Ipo Wazi

Dalali alipima chumba cha nyuma mara mbili, kwa sababu ukuta mmoja ulikuwa umepinda na hakupenda kuandika kipimo asichokiamini. Dobi alimpisha kwa kusogeza meza ya kupigia pasi. Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa. Moshi wake ulipanda hadi darini, ukakosa pa kutokea, ukarudi chini. Chumba hakikuwa na dirisha. Kwenye kiti karibu na mlango alikaa mama mkwe wa dobi, mwenye pumu, akivuta pumzi kama mtu anayenyonya maji kwa mrija ulioziba.

"Andika na hilo," mama mkwe alisema. "Andika kwamba humu watu huiva kabla ya nguo."

"Nitaandika kwamba chumba hakina dirisha."

"Ndilo nililosema. Wewe umelinyima chumvi tu."

Dobi alikuwa ameomba dirisha tangu mumewe akiwa hai. Mwenye nyumba hakuwahi kukataa. Kila alipokuja kuchukua kodi aliutazama ukuta, akaugonga kwa kidole, akasema, "Subiri kidogo." Mtaa mzima ulimwita Bwana Subiri, naye aliitika. Sasa alikuwa anauza nyumba.

Ofisini, dalali aliingiza maelezo kwenye programu ya akili mnemba aliyokuwa akiitumia kuandikia matangazo. Alikuwa na utaratibu wake. Programu hupewa vipimo, haipewi sifa. Huambiwa pia kisichokuwepo, maana ikiachiwa pengo hulijaza yenyewe. Tangazo lianze na jambo lenye nguvu kuliko mengine, liseme mwendo wa miguu badala ya neno "karibu", na lisomwe neno kwa neno kabla ya kutumwa. Madalali wenzake walimcheka kwamba anasoma matangazo kama hati za kiapo. Hata hivyo, wateja wake hawakuwahi kufika kwenye nyumba wakaanza kutafuta bustani.

Programu iliandika hivi: "Nyumba imara ya matofali, mwendo mfupi wa miguu kutoka kituo cha basi. Vyumba viwili, jiko na ua wa saruji. Chumba cha nyuma kina dirisha pana linaloingiza upepo wa jioni. Ipo wazi."

Dalali aliutazama "mwendo mfupi", akaufuta, akaweka dakika alizotembea yeye mwenyewe. Kisha akafika kwenye dirisha.

"Hili halipo," alisema.

Bwana Subiri, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake, alipitisha mkono juu ya bega lake akabonyeza kitufe cha kutuma.

"Mzee, hiyo si kweli."

"Utarekebisha kesho. Kwani dirisha litakimbia?"

Asubuhi dobi alipiga simu kumwarifu dalali kwamba dirisha limefika.

Dalali alienda na tepu yake. Dirisha lilikuwa la mbao, limepakwa rangi ya kijani iliyoanza kubanduka, na bawaba zake zilikuwa zimelegea kama za dirisha lililofunguliwa na kufungwa kwa miaka mingi. Alilipima. Upana ulizidi urefu, kwa hiyo neno "pana" lilikuwa sahihi. Moshi wa pasi ulitoka kwa mstari mmoja ulionyooka na kupotelea uani kwa jirani. Mama mkwe alikuwa kitandani. Alikuwa amelala chali, jambo ambalo kifua chake kilikuwa hakijamruhusu tangu msiba wa mwanawe.

"Fundi gani amelitia?" dalali aliuliza.

"Hakuna fundi. Tumeamka tukalikuta."

"Mgeni mwema haulizwi kapitia njia gani," mama mkwe alisema bila kufumbua macho.

Dalali hakuridhika. Kwa maoni yake tangazo hufuata nyumba, na jambo likienda kinyume ni lazima lijaribiwe. Alirudi ofisini akaifuta ile sentensi. Simu ikaita. Dobi alimweleza kwamba ukuta umejifunga, na kwamba shuka la mteja, ambalo alikuwa amelitandaza dirishani lipigwe upepo, sasa lilikuwa nusu chumbani na nusu kwa jirani, katikati matofali.

"Shuka la nani?"

"La yule mwalimu. Analitaka leo."

Dalali aliirudisha sentensi. Shuka lilitoka likiwa na kunjo moja refu, na dobi akalipiga pasi.

"Kumbe ukuta unasikia," alisema jioni, dalali alipopita kuthibitisha. "Na mimi miaka yote nilikuwa naongea na mtu asiyehusika."

Bwana Subiri alikuja naye. Alilifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Alisema nyumba ni nzuri, na kwamba haelewi kwa nini aliwaachia kwa kodi ile.

Simu za wanunuzi zilianza. Karibu wote waliulizia upepo wa jioni.

Siku hizohizo vitu vya dobi vilianza kutoka nje. Kwanza ilikuwa sufuria, iliyokutwa asubuhi kwenye kizingiti. Dobi alidhani mama mkwe ameisahau, mama mkwe akadhani ni dobi, na kila mmoja akamsamehe mwenzake kwa sauti ya kusikika. Kisha kikatoka kigoda. Kisha ndoo za kufulia, zikiwa zimepangwa moja ndani ya nyingine. Walivirudisha ndani, vikatoka. Asubuhi ambayo mnunuzi wa kwanza alikuja kuona nyumba, kila kitu kilikuwa barazani, kimefungwa kamba, na mama mkwe alikuwa juu ya godoro lililokunjwa, kikombe cha chai mkononi, chai bado ya moto.

"Habari za asubuhi, mama," mnunuzi alisema.

"Nzuri. Dirisha liko nyuma."

Mnunuzi alishukuru akaingia.

Dalali alikaa kwenye ngazi, akafungua tangazo kwenye simu yake na kulisoma tangu mwanzo. Vipimo vilikuwa sahihi. Dakika zilikuwa sahihi. Dirisha lilikuwepo. Alifika mwisho, kwenye maneno mawili ambayo macho yake yaliyapita kila mara kwa sababu kila tangazo la nyumba huishia hapo.

"'Ipo wazi,'" alisoma.

"Kilicho wazi ni dirisha," mama mkwe alisema. "Nyumba ina watu."

"Neno ni lilelile, mama."

"Basi mlikosea kuliachia neno moja kazi zote hizo. Hata punda hupokezana."

Dobi alikuwa amesimama na pasi yake mkononi, ikiwa baridi. "Dada, lifute," alisema. "Mama hawezi kukaa barazani. Na tukihama, wapi tutapata chumba chenye hewa? Juzi amelala usiku kucha hajakohoa. Mimi ndiye niliyeamka, nikidhani amekufa."

Dalali alifuta "Ipo wazi" akaandika: "Ina wapangaji wawili." Programu ikamjibu kwamba sentensi hiyo hupunguza idadi ya wanaopiga simu, na ikauliza kama iiondoe. Akachagua hapana. Walipogeuka, godoro lilikuwa limeshatandikwa ndani, na mama mkwe alikuwa juu yake akilalamika kwamba chai imemwagika.

Mnunuzi alitoka, akatazama simu yake, akaaga. Simu nyingine zikakoma.

Bwana Subiri alifika ofisini kesho yake.

"Nilikupa kazi ya kutangaza nyumba au kutangaza watu?"

"Watu wamo ndani, mzee. Ni jambo la kweli."

"Nimesema si kweli? Lakini mimi nimewahi kumfukuza mtu? Sema."

Dalali alifikiri. Ilimbidi kukubali kwamba hakuwahi.

"Basi," Bwana Subiri alisema. Alichukua ufunguo wake, akavuka barabara na kuingia kwa dalali mwingine, aliyekuwa na programu ileile. Programu ilimuuliza swali lilelile, naye akachagua ndiyo, kwa kuwa ndilo jibu lililopendekezwa. Wapangaji wakaondolewa, 'Ipo wazi' ikarudi.

Safari hii mafundo ya kamba yalikuwa yamekazwa zaidi. Dobi aliliingiza godoro ndani, na kabla hajarudi kuchukua mto, godoro lilikuwa limemtangulia barazani. Alijaribu tena na tena. Mama mkwe alimwambia aache, kwa sababu kuinuliwa na kushushwa pamoja na godoro kulikuwa kunamchosha.

Nyumba iliuzwa. Mkataba ulisema imekabidhiwa ikiwa haina mtu, na shahidi alipoingia kukagua alikuta ndivyo ilivyo. Dirisha lilibaki. Mnunuzi aliliwekea nondo.

Dalali aliwatafutia chumba nyuma ya duka la vipuri, alichokisikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Vyumba vya aina hiyo havitangazwi. Kilikuwa na kuta nne na mlango mmoja uliofunguka kwenye ujia. Alitoa tepu, akapima, halafu akabaki ameishika.

"Naweza kukiandika," alisema. "Niseme kina dirisha. Neno 'wazi' sitaliweka."

"Na likishaandikwa, unalituma?" mama mkwe aliuliza.

"Lazima nilitume. Tangazo lisilotumwa halifanyi kitu, nimejaribu nyumbani kwangu."

"Na likitumwa watakuja watu kukiona chumba."

"Watakuja."

"Wewe umesoma. Kuna tangazo linaloandikwa ili waliomo wabaki?"

Dalali alipitia akilini aina zote za matangazo aliyowahi kuandika, ya kuuza, ya kupangisha, ya viwanja na ya maduka.

"Hakuna, mama."

"Basi tuache hivihivi, tusiandikwe."

Dobi alisukuma meza yake hadi ukutani akawasha mkaa, maana nguo za wateja zilikuwa zimelala siku kadhaa. Moshi ulipoanza kupanda, mama mkwe alibeba kiti chake akatoka kukaa ujiani, ambako wapita njia walimgonga magoti na kumwomba radhi. Pasi ikipoa, alirudi ndani. Wakaendelea hivyo. Mvua ikinyesha ujia hujaa maji na kiti hakina pa kukaa, kwa hiyo siku za mvua dobi hapigi pasi.